Taa Nne za Kutazamia Mwezi

"Tutauona kwa macho, au tutaambiwa?"

Niliulizwa swali hilo hewani na imamu wa msikiti mmoja wa Kilosa mjini, asubuhi ya siku ambayo mwezi ulikuwa upatwe jioni yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi kidogo cha kuanzia kila sentensi, na alikuwa anauliza jambo la kazi yake. Ipo swala ya kupatwa kwa mwezi, akanieleza, na swala hiyo ni ya jicho, si ya kalenda. Watu wakiona, wanasimama kuswali. Wasipoona, hakuna kilichowapata. Sasa awaambie waumini wakae tayari, au awaache wakale wali wao?

Sikuwa na jibu. Mtangazaji asiye na jibu ana njia mbili: kukiri au kuongeza sauti. Niliongeza sauti. Nikamwambia shehe asiwe na shaka, anga likiwa safi kila mwenye macho atauona.

Wadogo zangu mnaoanza kipindi cha asubuhi Jumatatu, mmeniandikia kwenye simu mkiniuliza mseme nini kuhusu kupatwa kwa mwezi kunakokuja, kule kwa kivuli hafifu. Mmeuliza mistari miwili, nami nawajibu kurasa, kwa kuwa siku hizi sina mtu wa kunionyesha kwa kidole kwamba dakika zimekwisha. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Najua neno hilo linawachekesha. Kwa kweli aliyestaafu ni koo langu. Daktari alilichungulia, akasema limefanya kazi ya watu watatu, sasa lipumzike. Mimi nimelifuata tu, kama mke wa mtumishi aliyehamishwa. Ndiyo maana niko hapa Mikumi kwenye duka la kuchapa kadi na mabango, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kunong'ona huku malori yakipiga honi barabarani.

Kabla ya mwezi, acheni niwaambie habari ya ng'ombe.

Wiki yangu ya kwanza pale redioni nilipewa kusoma matangazo ya vilivyopotea na vilivyookotwa. Msiidharau kazi hiyo. Ng'ombe akiokotwa upande wa Rudewa, mara nyingi ameokotwa akiwa ndani ya mahindi ya mtu, na tangazo lako linaweza kuwa mwanzo wa amani au mwanzo wa kesi. Nililetewa karatasi kutoka ofisi ya kijiji: dume limepatikana. Nikasoma kila kitu kilichoandikwa, kwa sauti ya taarifa ya habari. Dume jeupe, madoa meusi ubavuni, pembe ya kulia imevunjika nchani, sikio la kushoto lina mkato wa panda. Nilijivunia sana ule mkato wa panda.

Kufika mchana wenye dume walikuwa wanne. Wote walijua pembe, wote walijua sikio. Wa nne aliongeza na jina la mama yake dume. Ofisi ya kijiji ikakosa la kufanya, ikaamua dume lifunguliwe mbele ya wote wanne lichague mwenyewe. Dume likawatazama, likageuka, likarudi kwenye mahindi.

Aliyenifundisha siku ile ni Mzee Yohana, fundi wetu wa mitambo. Ninyi mmekuta picha yake tu ukutani, ile aliyovaa koti. Alikuwa mtu wa milimani, amesomeshwa na shule ya misheni, na koti lile alilivaa hata mwezi wa kumi na moja Kilosa inapochemka kama chungu. Alikuwa akifanya kazi huku anaimba nyimbo za kanisani kwa pua, mdomo umefungwa. Aliacha kuimba akaniambia, "Rehema, umewapa mtihani pamoja na majibu." Halafu akanieleza desturi ya kazi: ukitangaza mali iliyookotwa, taja alama zote isipokuwa moja. Hiyo moja ibaki nawe. Mwenye mali ataitaja bila kuulizwa mara mbili.

Mzee Yohana alikuwa na swali moja kwa kila habari iliyoingia studio. Nani kaona? Bei ya mahindi imepanda: nani kaona? Simba ameonekana karibu na barabara ya Mikumi: nani kaona, na alikuwa amesimama wapi, na alikuwa amekunywa nini? Mimi nilitoka chuo kikuu na shahada, na tabia ya kubishia kila kitu. Nilimbishia meneja, nilibishia methali, nilibishia waganga wa kienyeji na wa mjini, niliwahi kubishana na saa ya ukutani nikidhani inatangulia kwa makusudi. Swali la Mzee Yohana nililiona la kizamani. Nilijiona mimi ndiye mwenye mashaka ya kisomi, yeye ana mashaka ya kijijini. Kitu kimoja tu sikukibishia miaka ile: skrini ya simu yangu.

Ndiko nilikosomea habari za mwezi. Tovuti moja ya Kiingereza ilisema kupatwa kutaonekana pande zetu zote hizi za Afrika. Nilisoma kichwa cha habari. Aya iliyofuata niliiruka, na mchoro uliokuwa chini yake niliuruka pia. Wiki nzima nikatangaza kwa kibwagizo cha ngoma nilichokitengeneza mwenyewe, usikose, usikose. Meneja alifurahi, akaona hapa redio yetu itapata jina. Tukaandaa uwanja wa mpira karibu na studio, tukaweka spika, na kwa mpamba kumbi mmoja tukaazima taa kubwa nne zenye nguzo.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Tuliwasha taa nne ili watu wautazame mwezi.

Mzee Yohana alizifunga mwenyewe, akaziwasha, akarudi nyuma hatua kumi, akakinga macho kwa kiganja. Akaniuliza kwa upole kama mwezi tunaumulika sisi. Nikamwambia taa ni za usalama. Akaendelea kuimba kwa pua.

Watu walikuja. Walikuja wauza mishikaki, walikuja wazazi na watoto, alikuja imamu na waumini wake wameshatia udhu. Mwezi ulichomoza mkubwa, wa rangi ya kiini cha yai la kienyeji, na watu wakashangilia. Halafu ukapanda. Halafu ukaendelea kupanda. Mimi nilikuwa na kipaza sauti, nasema sasa kivuli kinaingia, sasa kinaingia zaidi, na mwezi unang'aa vilevile kama sahani iliyooshwa. Kijana mmoja akasema labda ule wa kwetu umeshapatwa wote na huu ni wa wilaya jirani. Mwanamume mwenye kofia ya pikipiki kichwani alinisogelea akaniambia, bila hasira, kwamba ametoka Mvumi na mafuta yake kuja kuangalia mwezi ambao hata Mvumi upo.

Imamu alikohoa nyuma yangu.

"Binti," akasema, "tumesimama au tumekaa?"

Nilitazama mwezi, nikatazama taa. Alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akawachukua watu wake wakaenda kuswali isha kama siku nyingine yoyote. Hakunisema vibaya siku ile wala baadaye, na hilo liliniuma kuliko angenisema.

Ilikuwa saa mbili na robo imepita kidogo, uwanja umebaki nusu, ndipo tukasikia mlio kutoka bondeni, kwenye mtaa wa chini karibu na mto. Ko, ko, ko, ko. Mtu anapiga sufuria. Kisha wa pili akadakia, na wa tatu. Wenyeji wa pale walijua mara moja. Zamani, mwezi ukiliwa, wanawake walitoka nje na vyombo wakavipiga mpaka aliyeumeza auachie, na katika mtaa ule alikuwepo mtu mmoja ambaye kwake zamani haikuwa imekwisha: Bi Tatu, muuza maandazi. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu wakaondoka wanacheka, na mimi nikawashukuru moyoni wale wanawake kwa kunipa mtu mwingine wa kuchekwa.

Asubuhi yake nilikwenda kununua maandazi. Wiki nzima nilikuwa nimekunywa chai kavu kwa kuwa jiko la Bi Tatu lilikuwa baridi; siku hiyo moshi ulikuwa umerudi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono ya kukanda unga na ulimi wa kukanda watu.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Umekuja kunishukuru?"

"Kwa lipi?"

"Mwezi wako si mzima?"

Hapo ndipo elimu yangu ilipoamka. Usiku ule nilikuwa nimerudi kuisoma ile aya niliyoiruka, kwa hiyo sasa nilikuwa najua. Nilichukua andazi moja nikasema huu ni mwezi. Nikachukua kikombe, nikakishika kikakinga jua juu ya meza yake, nikasema hii ndiyo dunia. Tazama kivuli cha kikombe, nikamwambia: katikati ni cheusi, lakini pembeni kina ukungu, si giza wala si mwanga. Mwezi ukipita kwenye cheusi, unaliwa kila mtu anaona. Jana ulipita kwenye ule ukungu wa pembeni tu. Ulififia kidogo sana, wengi hawawezi kutambua. Hakuna aliyeumeza, na masufuria hayahusiki.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yangu foleni ya wanunuzi nayo ilinisikiliza.

"Kwa hiyo kivuli kilikuja," akasema.

"Kilikuja."

"Na kikaondoka."

"Kikaondoka."

"Na mimi nikipiga."

"Ukipiga, ndiyo, lakini Bi Tatu..."

"Basi. Maandazi mangapi?"

Nilijaribu mara ya mwisho. Nikamwambia redioni tulisema kivuli kinaanza mwezi unapochomoza, yeye ameanza kupiga saa mbili. Sasa huyo anayeumeza mwezi alimsubiri? Foleni ikacheka. Bi Tatu akafunga maandazi yangu kwenye karatasi ya daftari, akasema, "Nilianza nilipoanza." Nikadhani alikuwa amepitiwa na usingizi, akazinduliwa na kelele za uwanjani. Sikuuliza zaidi. Mimi, niliyekuwa nauliza kila kitu.

Kuanzia siku ile jina langu mjini likawa Dada Kivuli. Nikitangaza bei ya mpunga, mtu anapiga simu kuuliza kama bei hiyo inaonekana kwa macho. Nikitangaza chanjo ya kuku, wanauliza kama kuku watachanjwa kwenye ukungu wa pembeni. Nilicheka nao, maana redioni ukinuna umekwisha. Lakini meneja alianza kuzungumzia kunihamishia kipindi cha salamu, na mimi nilianza kuona kitu ambacho hakichekeshi. Mtangazaji hana duka wala shamba. Ana neno lake tu, na langu watu walikuwa wamelizoea kama mbu, unalisikia, unageuka upande wa pili.

Mto wetu, Mkondoa, una tabia moja ambayo mgeni haielewi: unajaa kwa mvua usiyoiona. Inanyesha milimani, huku mjini jua linawaka, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza, na maji yapo njiani yanakuja. Mwezi mmoja haukupita tangu ule uwanja wa taa nne, mchana, nikapigiwa simu na Athumani. Huyu alikuwa msikilizaji wetu, mtu wa gengi la kutengeneza reli kule Kidete, mto unakotokea, ambaye kwa kawaida hupiga simu kusalimia watu ishirini kwa pumzi moja. Siku hiyo hakusalimia mtu. Alisema maji yamepita alama nyeupe ya kwenye nguzo ya daraja, ile waliyoipaka rangi wao wenyewe, na hajawahi kuona yakiipita.

Kutoka Kidete hadi kwetu maji huchukua saa chache. Niliingia hewani nikatangaza. Mafuriko yanakuja, watu wa mtaa wa bondeni hameni mara moja. Nilitumia sauti yangu yote. Simu ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya mwanamume anayecheka.

"Dada Kivuli," akasema, "na hayo tutayaona kwa macho?"

Ya pili ikawa hivyohivyo. Nilichungulia dirishani. Jua, anga la buluu, mbuzi amelala barabarani. Nikafikiria nyumba za kule chini, nyingi zimejengwa kwa tofali za udongo, maji yakizigusa zinayeyuka kama sukari guru, na watoto saa ile walikuwa wametoka shule wamelala kwenye vyumba vya ndani kukwepa joto.

Mzee Yohana hakuwa anaimba.

"Unawaambia unachojua," akasema. "Hawana haja nacho. Nani kaona?"

Hakungoja jibu. Alimpigia Athumani, akaunganisha simu moja kwa moja hewani, akaniashiria nimuulize anaona nini, na nisimuulize anafikiri nini. Nikauliza. Athumani akasema amesimama kichwani mwa daraja. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Yanapita na magogo, na migomba mizima na mizizi yake. Sasa hivi limepita paa la banda, akasema, na kuku wako juu yake, wazima, wametulia kama abiria. Halafu simu ikakatika.

Mzee Yohana alikuwa ameirekodi. Akaanza kuirudia, na kuirudia, bila ngoma wala kibwagizo. Lakini mimi nilijua kwamba bondeni wengi walikuwa wameshaacha kutufungulia. Nikavua viatu vya kisigino nikakimbia.

Bi Tatu alikuwa ameketi mlangoni anachekecha unga. Nilifika sina pumzi, nikasahau hata shikamoo, na yeye hakusahau kunitazama kwa ajili ya hilo.

"Shikamoo. Bi Tatu, piga chombo."

"Mchana huu?"

"Maji yanakuja."

"Umeyaona?"

Elimu yangu yote ilijipanga mdomoni, habari za milima na kasi ya maji na mvua za mbali. Nikaimeza.

"Sijayaona. Ameyaona Athumani, mtu wa gengi la reli, Kidete. Amesimama darajani. Ameona paa la banda linapita na kuku juu yake."

"Kuku wangapi?"

"Hakusema."

Bi Tatu akaweka chekeche chini. "Basi kaona kweli," akasema. "Mwongo angehesabu."

Akainuka, akachukua lile sufuria kubwa la kukaangia, akaligeuza kitako juu, akalipiga kwa upawa. Ko, ko, ko, ko. Na hapa kuna jambo la mtaa ule ambalo sikulifundishwa chuoni. Chombo kikipigwa namna ile, huulizi ukiwa ndani. Unatoka nje na cha kwako. Hata anayecheka anatoka, maana asiyetoka atatajwa mwaka mzima. Wakatoka. Wanawake na masufuria, wanaume na vicheko, watoto na vifuniko. Mmoja akauliza safari hii kimepatwa nini, jua? Mwingine akasema Dada Kivuli kaja na wa kwake. Walinicheka, lakini walikuwa nje, na waliokuwa wamelala walikuwa macho. Nikawaeleza alichokiona Athumani, neno kwa neno, sikuongeza. Bi Tatu hakueleza kitu. Alijitwisha sufuria lake, akamshika mkono mtoto wa jirani, akaanza kupanda kuelekea shule iliyo juu. Watu wakaanza kumfuata, wengine kwa mzaha, wamebeba magodoro kama wanaokwenda mkesha.

Maji yalifika alasiri. Ilianza harufu ya tope, kisha mngurumo kama wa lori la mizigo linalotafuta gia. Tulisimama kwenye uwanja wa shule tukayaangalia yakiingia mtaani bila kubisha hodi. Bi Tatu alizunguka akiwahesabu watu, na hakuhesabu kwa namba: alitaja kila nyumba kwa jina la mwanamke wake, na kila aliyetajwa akaitikia kwa niaba ya wote wa kwake. Nyumba ya mwisho ilipoitika nikagundua nimeshika vifuniko viwili vya masufuria na sijui nilivitoa wapi. Kuta kadhaa zilianguka siku ile. Jiko la Bi Tatu lilikwenda na maji. Watu walikuwepo wote.

Bi Tatu hakukubali kamwe kuliacha jambo hilo liwe langu. Alitangaza mtaa mzima kwamba yeye amepiga chombo mara mbili mwaka ule, na mara zote mbili kimefanya kazi. Nilimbishia, bila shaka. Nilimwambia mwezi na mafuriko havina udugu. Akasema hajasema vina udugu, amesema amepiga.

Sasa kazi yenu. Kupatwa kunakokuja ni kwa kivuli kilekile cha pembeni, chenye ukungu. Msitengeneze kibwagizo. Msiseme usikose. Semeni ukweli, kwamba wengi wataangalia na hawataona kitu, na si kosa la macho yao wala la redio. Waambieni wazime taa za nje. Nanyi msiazime taa kwa mtu yeyote. Waambieni wautazame mwezi kabla, wakae na sura yake kichwani, halafu wautazame tena kivuli kinapokolea katikati ya muda wake, maana mwanzoni na mwishoni hata mimi na miwani yangu siambulii kitu. Imamu akipiga simu, mwambieni kwa heshima: shehe, wachache wataona, wengi hawataona, na jicho ni lako. Atajua la kufanya. Alijua tangu siku ile, mimi ndiye nilikuwa sijui.

Na mkumbuke dume la Rudewa. Mtasoma mahali kwamba upande fulani wa mwezi ndio utakaofifia. Upande huo msiutaje. Waambieni wasikilizaji wapige simu waseme wenyewe ni upande upi umeingia moshi. Mtapokea majibu ya kila namna, mtacheka mpaka dakika ziishe, lakini mmoja au wawili watataja sahihi, na hao ndio mtakaowauliza siku mto ukipanda.

Nilikuwa nimeishia hapo, nataka kuwatumia, ndipo juzi akaingia dukani bintiye Bi Tatu, Salma, ambaye ameolewa huku Mikumi. Alikuja kuchapisha kadi za harusi ya mwanawe. Tulipokuwa tunachagua rangi ya utepe nikamsimulia kwamba nawaandikia ninyi habari za mama yake, na jinsi alivyosikia tangazo langu akaja kuupigia mwezi kwa kuchelewa, saa mbili usiku. Salma akaacha utepe.

"Lakini mama hakukusikia," akasema.

Wiki ile nzima, akaniambia, yeye na mama yake walikuwa Rudewa, kwenye msiba wa mjomba wake, na msibani hakuna anayefungua redio. Walishuka kwenye basi jioni ile ile, saa mbili, wakakuta mtaa mtupu, karibu watu wote wako kwetu kwenye taa, waliobaki wamo ndani. Hawakuonana na mtu. Bi Tatu alifungua mlango, akatua mfuko, akatazama juu, akamuuliza Salma mbona mwezi umeingia moshi upande wa kushoto. Salma hakuona kitu. Mama yake akamwambia basi shika huu mfuko, akaingia ndani kuchukua sufuria.

Kushoto sikukutangaza wiki ile hata mara moja, kwa sababu nilikuwa sikujui. Salma alipoondoka na kadi zake nilifungua ile tovuti ya zamani, nikashuka mpaka kwenye mchoro niliouruka, ule wa anga la pande zetu saa mbili na robo imepita kidogo. Ni kushoto.